Corolla ya mjomba: maji yanakwenda wapi?

Juni 7, Jumamosi

Gari ni Toyota Corolla AE100, injini 5A-FE, gia za mkono. Mwenyewe ni mjomba wangu wa Uyole, Mbeya, anayeshusha viazi Kyela na kurudi na mchele. Tatizo, kwa maneno yake: "Linakunywa maji, na chini pakavu."

Mengine nimeyapata kwa kuuliza, maana mjomba kwake gari ama ni zima lote ama ni bovu lote. Mjini halichemshi. Linachemsha likipanda kutoka Kyela likiwa na mzigo, hasa baada ya kupita Kiwira. Geji hupanda, hushuka ghafla kama vile mambo yamekwisha, kisha hupanda tena. Hita, ambayo Juni hapa kwetu si anasa, hutoa joto kwa dakika chache halafu inapuliza baridi tupu. Kila asubuhi anaongeza maji kwenye rejeta, siku nyingine kikombe, siku nyingine chupa ya lita nzima. Chini ya gari hajawahi kukuta dimbwi.

Gereji moja ilishamwambia kuwa gasketi ya silinda hedi, kile kizibo bapa chini ya kichwa cha injini kinachotenganisha moto wa silinda na maji, imekufa. Walifungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, wakaiacha ingurume, wakaona mapovu, wakatoa hukumu. Walipomtajia gharama ya kushusha hedi, kuiskimu (kuichonga iwe bapa), kununua gasketi na boliti, ndipo akakumbuka kuwa ana mpwa.

Huenda gereji wako sahihi. Dalili alizozitaja mjomba zote zinaweza kutokana na gasketi. Lakini zote zinaweza pia kutokana na upepo ulionaswa ndani ya mfumo, na upepo unaweza kuingia kwa njia za bei rahisi zaidi. Hedi haishuki mpaka hizo njia ziishe.

Kabla sijashika spana nimeona jambo moja: riziva, lile kopo la akiba la maji pembeni ya rejeta, imejaa. Imejaa mpaka mstari wa juu, na mjomba anasema humo hajawahi kuongeza hata tone. Rejeta nayo, nilipoifungua ikiwa imepoa kabisa, ilikuwa imepungukiwa na zaidi ya nusu lita. Hapo pana habari. Maji yakipanda joto kutoka nyuzi 20 hadi 90 huongezeka ujazo kwa asilimia tatu na nusu hivi. Mfumo huu unachukua lita tano na kitu, kwa hiyo kuna karibu glasi nzima ya maji inayotafuta pa kwenda. Inasukuma mfuniko, inapita kwenye kijibomba chembamba, inaingia kwenye riziva. Injini ikipoa maji yanasinyaa, ndani panabaki na mvuto, na kivalvu kilicho katikati ya mfuniko kinafunguka ili glasi ile irudi ilikotoka. Riziva nzima hupanda na kushuka kila siku. Hii haishuki. Usiku rejeta inapovuta, inavuta kitu kisichokuwa maji.

Kijibomba cha riziva nimekikuta kina ufa pale kinapochomekwa kwenye shingo ya rejeta. Ukikigusa huoni kitu, ukikipinda ufa unacheka. Nimekata ncha iliyokufa na kuchomeka upya sehemu nzima, urefu ulikuwa unatosha. Huo ni mlango mmoja wa upepo. Sioni ukieleza chupa ya lita, kwa hiyo gari linalala kwangu.

Juni 8, alfajiri

Baridi ya kuvaa koti mbili. Kwa kazi hii ni baridi nzuri, kwa sababu vipimo vya gasketi vinavyoaminika ni vile vya injini iliyolala usiku kucha.

Oili kwenye fimbo: nyeusi, safi, haina uji wa oili iliyochanganyika na maji. Ndani ya mfuniko wa oili kuna utando mwembamba mweupe. Msimu huu utando huo usimtishe mtu, ni unyevu wa gari linalotembea safari fupi kwenye baridi, halijapata muda wa kuukausha. Uji wa kweli unaukuta kwenye fimbo.

Plagi zote nne zina rangi moja ya kahawia. Silinda inayokunywa maji huosha plagi yake ikawa safi kuliko wenzake, na hapa hakuna iliyooshwa.

Mpira wa juu wa rejeta: nimewasha injini mfuniko ukiwa umefungwa, nikaushika. Moshi wa silinda ukiwa unaingia kwenye maji, mpira huwa mgumu ndani ya dakika moja hivi, kabla maji hayajapata hata uvuguvugu. Huu ulibaki laini, unabonyea kama kawaida.

Nikazima, nikafungua mfuniko, nikajaza maji mpaka shingoni, nikawasha tena. Nimetumbukiza ule waya wa kupimia joto unaokuja na multimita za bei nafuu. Povu la gasketi linatakiwa lije mapema, maji yakiwa bado baridi, kwa sababu mlipuko ndani ya silinda hausubiri maji yapate moto. Dakika zikapita. Nyuzi 30, 40, 50. Vilitoka vipovu viwili vitatu vikubwa, vya uvivu, vya hewa iliyokuwa imelala kwenye mipira, kisha pakatulia. Nyuzi 70, shwari. Baada ya thamostati, ule mlango unaozuia maji mpaka yapate moto, kufunguka, maji yakaanza kuzunguka shingoni, bado shwari.

Halafu nyuzi 91, 92, vipovu vidogo vidogo. Kwenye 93 maji yakaanza kuinuka na kumwagika, na feni ilikuwa bado haijawaka. Nikazima.

Mtu aliyekuja kuchungulia wakati huo tu angesema gasketi. Mimi nasema ni maji yanachemka, kwa sababu hapa ndipo yanapochemkia. Maji huchemka kwa nyuzi 100 kwenye usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 300 unapoteza nyuzi moja hivi. Mji wa Mbeya uko kwenye mita 1,700 na ushee, kwa hiyo maji ya wazi huku yanachemka kwenye 94. Swichi ya feni ya Corolla hii imetengenezwa iwashe feni kwenye 93. Pale Dar es Salaam ukifungua mfuniko na kusubiri feni, una nyuzi saba za kuchezea. Huku una moja, na kuta za hedi karibu na chemba za moto ni za moto kuliko maji ya shingoni, kwa hiyo mvuke unaanza huko ndani mapema zaidi. Kipimo cha kufungua mfuniko injini ikiwa ya moto na kutafuta mapovu, Nyanda za Juu Kusini hakina maana. Kila gari lenye maji matupu litafeli, hata lililoshuka melini juzi.

Sisemi gereji wale walikuwa na nia mbaya. Kipimo hicho wamekirithi kutoka kwa fundi aliyejifunzia pwani.

Juni 11, Jumatano jioni

Kupima kompresheni, yaani nguvu ya silinda kugandamiza hewa, kwa kuazima geji. Silinda zote nne zinakaribiana, tofauti kati ya iliyo juu na iliyo chini ni ndogo mno kuizungumzia, na hakuna mbili za jirani zilizoanguka pamoja. Mbili za jirani zikiwa chini pamoja ndiyo alama ya gasketi iliyopasuka katikati yao.

Namba zenyewe ziko chini ya zile za kitabu, na aliyeniazima geji akatikisa kichwa. Kitabu kimeandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Hewa ya Mbeya ina mgandamizo wa asilimia 81 hivi wa ile, na silinda haiwezi kugandamiza hewa ambayo haikuivuta. Huku unalinganisha silinda na silinda, kitabu unakiacha kabatini.

Gasketi sijaiachia huru moja kwa moja, lakini nimeitoa mahabusu kwa dhamana.

Juni 14, Jumamosi

Leo ndiyo siku niliyokuwa naingoja: kutia presha kwenye mfumo mzima injini ikiwa imelala. Wenye kipimo chao cha dukani watumie hicho. Mimi nimetengeneza changu kwa mfuniko wa zamani wa rejeta. Unang'oa springi na sahani ya chini, unabaki na kofia na raba yake ya juu. Unatoboa katikati, unapitisha vali ya tairi la tubulesi kutoka ndani kwenda nje, unaikaza ikae vizuri. Kijibomba cha riziva unakichomoa, na mdomo wake kwenye shingo ya rejeta unauziba kwa kipande cha mpira kilichotiwa boliti na klipu. Hapo una rejeta yenye vali ya tairi, na pampu ya mguu yenye geji inatosha kabisa.

Mfuniko wa gari hili umeandikwa 0.9, ambayo kwa geji ya matairi ni paundi 13 hivi. Nimepampu mpaka 13 nikaishia hapo. Kompresa ya gereji usiisogeze karibu na kazi hii, itakupasulia rejeta kabla hujasoma geji.

Kabla ya jua kuchomoza: paundi 13. Nikaenda kunywa chai. Kurudi: 9, inaelekea 8.

Kwa hiyo maji yanatoka, na yanatoka injini ikiwa ya baridi. Chini bado pakavu. Nikaanza kuzunguka na tochi: tumbo la rejeta, viungo vyake vya plastiki, mipira miwili mikubwa, chini ya wota pampu. Pampu ina kitundu cha kutolea machozi, na hapo kuna doa la kutu lililokauka, ila leo hapana unyevu. Nimelichora duara kwa rangi.

Nikahamia nyuma. Mipira ya hita inatoka nyuma ya injini na kuingia kwenye ukuta wa kabini, na hapo mkono haufiki bila kutoa boksi la hewa safi. Nimelitoa. Mpira wa chini wa hita, kwenye bomba la ukutani, ulikuwa unatoa tone, linakaa, linadondoka juu ya gia boksi. Juu ya gia boksi kuna mchirizi wa ukoko mweupe wenye kutu, wa siku nyingi, unaoishia katikati kwa sababu maji hayakuwahi kufika chini. Gari likitembea, gia boksi inapata joto na tone linakauka pale pale. Ndiyo maana ya "chini pakavu".

Jambo la kuangalia zaidi limetokea jua lilipopanda. Nimewasha injini kidogo ili kupasha moto, nikazima, nikarudisha presha kwenye 13. Tone limekoma. Mpira ukipata joto unalainika na kuvimba, unalibana bomba, na ile klipu ya springi iliyochoka inaonekana nzima. Mchana mzima hutakuta kitu. Saa kumi na moja alfajiri, mpira umekakamaa kwa baridi na klipu haina nguvu ya kuufuata, maji yanatoka. Kwa mtu anayepeleka gari gereji saa nne asubuhi, likiwa limeshatembea kutoka Uyole, uvujaji huu hauonekani milele.

Tatizo linakuwa kubwa kwa sababu njia ya kutolea maji ndiyo hiyo hiyo ya kuingizia upepo. Gari likiwa la moto, ndani kuna presha na mpira umebana, hakuna kinachotoka. Gari likipoa usiku, ndani kunakuwa na mvuto na mpira umelegea. Badala ya rejeta kuvuta maji kutoka riziva, inanyonya hewa kutoka nyuma ya injini, na hewa hiyo inaingilia upande wa hita, sehemu iliyo juu, ambako inapenda kukaa. Ndiyo sababu hita inapoa. Kipovu kikitoka huko wakati wa kupanda mlima kikafika kwenye kihisi cha geji, kihisi kinapima mvuke badala ya maji na mshale unacheza juu chini.

Mpira nimeukata ncha iliyokomaa, nikanunua klipu za skurubu, nikabadilisha zote nne za hita. Presha tena: 13, chai, 13. Nimeongeza na uji wa asubuhi, bado 13.

Juni 15, Jumapili

Mfuniko wenyewe. Kipimo changu kinaupita kando, kwa hiyo sikuwa najua hali yake. Nimekwenda kwa fundi rejeta wa Mwanjelwa, mzee aliyechomelea rejeta za malori ya njia ya Zambia tangu sijazaliwa. Ana shingo ya rejeta ya zamani iliyochomelewa kwenye kopo, yenye geji na pampu ya baiskeli. Unafunga mfuniko, unapampu, unaona unafungukia wapi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta rejeta?"

"Nimeleta mfuniko tu."

"Afadhali. Wengi wananiletea rejeta, mfuniko wameuacha kwenye gari."

Mfuniko wa mjomba umefungukia paundi 4. Raba yake ina mfereji, na kile kivalvu cha katikati kimeshikwa na kutu, hakichezi. Kwa paundi 4, maji ya Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 102 hivi. Kwa mfuniko mzima wa 0.9, yanavumilia mpaka 115. Tofauti hiyo ya nyuzi 13 ndiyo inayomtosha au kutomtosha mtu anayepanda na mchele. Pwani mfuniko mbovu unasamehewa kidogo, kwa sababu hewa ya huko yenyewe inakandamiza maji. Huku hewa ni nyepesi, na kazi ya kuzuia maji yasichemke inaiegemea zaidi ile springi ya mfuniko.

Nilikuwa nimenunua mfuniko mpya njiani, umeandikwa 0.9 kwa herufi nzuri za kung'aa. Mzee akaupima: paundi 5. Akanirudishia bila kusema neno, akatoa kwenye droo wa mtumba uliotolewa kwenye gari la Kijapani lililokatwa spea. Paundi 12 na nusu. Kivalvu kinacheza. Nimechukua huo. Bei yake haifiki hata nauli ya kwenda kununua gasketi ya hedi.

Juni 21, Jumamosi

Kumwaga, kusafisha, kujaza. Maji yaliyotoka yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi. Mjomba hujaza maji ya mto, ya bomba, ya popote, na miaka imeandika humo. Nimepitisha maji safi mpaka yakatoka meupe, kila mara hita ikiwa imewekwa kwenye moto kamili ili kivalvu chake kifunguke na kule ndani napo paoshwe.

Thamostati nimeitoa na kuitia sufuriani. Imeandikwa 82. Ikaanza kuachia kwenye 81 na kitu, vizuri. Kitabu kinataka pia ifunguke milimita 8 maji yakifika nyuzi 95. Mke wangu alikuwa pembeni akiuliza sufuria yake itarudi lini, nikamweleza kuwa kwa Uyole nyuzi 95 kwenye sufuria ya wazi hazifikiki, maji yatachemka na kubaki kwenye 94 hata nikichoma gunia zima la mkaa. Jibu lake sitaliandika hapa. Kwenye 94 ilikuwa imefunguka milimita 8 na zaidi, kwa hiyo imefaulu.

Kwenye kurudisha, kuna kipini kidogo kinachochezacheza pembeni ya thamostati. Kinakaa juu. Hicho ndicho kinachopitisha hewa wakati thamostati imefunga. Kikikaa chini unajaza gari huku umefungia upepo nyuma ya mlango.

Kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta: nimenunua ile nzito isiyochanganywa, nikaichanganya nusu kwa nusu na maji ya betri. Siuzi hoja ya kuganda, Uyole barafu ya kupasua injini hatuna. Naitia kwa sababu ya kutu, na kwa sababu mchanganyiko huo unachemka kama nyuzi saba nane juu ya maji matupu, na kwa bonde hili sikatai nyuzi za bure. Mjomba aliuliza kama ile ya chupa ya bei rahisi yenye rangi ya kijani si ni ile ile. Chupa nyingine za namna hiyo ni maji na rangi tu. Ukiona haielezi imechanganywa kiasi gani, iache.

Kutoa upepo kumefanyika hivi. Uwanja wangu una mteremko, gari limewekwa pua ikitazama juu, ili shingo ya rejeta iwe mahali pa juu kuliko pote. Mpira wa juu wa hita nimeuchomoa ukutani na kuuinua. Nimejaza rejeta polepole mpaka kulanti ikatokea kwenye mpira ule, nikauchomeka na kuukaza. Hatua hiyo peke yake imetoa upepo mwingi kuliko kurusha resi nusu saa. Kisha nimesimamisha shingoni chupa ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, imezungushiwa utepe wa tyubu ili isivuje, ikajazwa mpaka katikati. Injini ikawashwa, hita kwenye moto, mpira wa juu unabonyezwa na kuachiwa, unabonyezwa na kuachiwa. Mapovu yakawa yanapanda kwenye chupa.

Mafundi wa kwenye video wanasema uendelee mfuniko ukiwa wazi mpaka feni iwake mara mbili. Wako chini huko. Kwa kulanti ya nusu kwa nusu ningefika, lakini kwa maji matupu huku utamwagiwa usoni. Mimi nimesubiri thamostati ifunguke, mpira wa chini upate joto na kipimo kifike 88, nikazima, nikaacha itulie, nikatoa chupa na kufunga mfuniko. Mizunguko ya feni imefanyika mfuniko ukiwa umefungwa, kama gari linavyotakiwa kuishi. Feni nilishaijaribu kabla: kwenye Toyota za rika hili ukichomoa plagi ya swichi ya feni huku ufunguo ukiwa umewashwa, feni inazunguka yenyewe. Imezunguka.

Mwishoni hita imetoa joto la kumfanya mjomba afungue dirisha. Riziva imejazwa mpaka mstari wa chini na kubandikwa utepe.

Juni 22 hadi 24

Asubuhi ya kwanza riziva imeshuka vidole viwili, rejeta imejaa mpaka mdomoni. Hicho ndicho nilichokitaka: mfumo umevuta maji kwenda mahali palipokuwa na hewa. Nimeongeza. Asubuhi ya pili imeshuka kidogo. Ya tatu imebaki kwenye utepe.

Juni 28, Jumamosi

Kyela, na mzigo wa kawaida. Waya wa multimita umebandikwa kwenye shingo ya chuma ya mpira wa juu, ukafunikwa kitambaa, ukapitishwa chini ya boneti na kuingizwa dirishani. Mimi nilikuwa nasoma, mjomba anaendesha, na tulikatazana kuangalia geji ya gari, ambayo mshale wake hukaa tuli katikati kwa joto lolote la kawaida na kukupa habari ukiwa umeshachelewa.

Kushuka hakuna la kuandika. Kyela iko kwenye mita 500 hivi juu ya bahari, joto, jasho, na injini ikabaki kwenye 86 na 88. Tumepakia mchele.

Kupanda kurudi ndiyo mtihani, kwa sababu unatoka kwenye mita 500 unaupita mji wa Tukuyu, unapita Kiwira, unafika Isongole juu ya mita 2,000, na kadiri injini inavyochoka ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Gari linadai maji yavumilie zaidi mahali ambapo maji yanavumilia kidogo. Baada ya Kiwira, gia ya pili, lori mbele yetu, upepo wa nyuma: 93, 94, feni ikawaka, 96. Ikakaa kwenye 96. Mjomba akaniangalia mimi badala ya barabara, nikamwambia aangalie barabara.

Isongole tumesimama, boneti ikafunguliwa, mfuniko haukuguswa. Mpira wa juu mgumu, kama unavyotakiwa kuwa ukiwa wa moto. Riziva imepanda juu ya utepe vidole viwili, haitoi povu. Maji ya wazi hapo yangekuwa yamechemka kwenye 93 hivi. Kwa mfuniko wa paundi 4, sehemu za moto ndani ya hedi zingeanza kutoa mvuke muda mrefu nyuma, na hapo ndipo mjomba alipokuwa akisimama kila safari kununua maji kwa watoto wenye madumu.

Mmoja wao alikuja na dumu lake. Mjomba akanunua viazi kwa mama yake, nadhani kwa aibu.

Kushuka kuingia Uyole: 87. Hita imewaka njia nzima.

Julai 5, Jumamosi

Wiki imepita, gari limekwenda na kurudi bila mimi. Leo asubuhi riziva iko kwenye utepe na rejeta imejaa. Nimetia kipimo cha presha kabla jua halijatoka, kwa sababu hakuna wakati mwingine wa kukiamini: 13, na baada ya chai 13 kasoro mstari mmoja.

Huo mstari mmoja nimeufuata. Doa la wota pampu, ndani ya duara la rangi, leo lina unyevu wa kulowesha ncha ya kidole. Pampu imeanza kuchoka. Haijafika kwenye kudondosha, na mkanda haupigi kelele, wala puli haichezi ukiitikisa. Nimemwambia mjomba anunue pampu na gasketi yake sasa, wakati ana nafasi ya kuchagua, tutaifunga siku ya kubadilisha oili na tutarudia kutoa upepo upya kwa utaratibu ule ule wa Juni 21.

"Ina maana wale wa gasketi walikuwa nusu sahihi?" akauliza.

Nikamwambia hapana, mjomba, gasketi ya pampu si gasketi ya hedi.